Msitu Uliohamwa na Mto

Kilichonitoa nyumbani Wenje Jumatano ile ya mwezi wa Julai, kwa miguu, nikiwa na fimbo, daftari na barua ya malalamiko ya kurasa tatu, kilikuwa hasira. Siku mbili kabla, kwenye baraza la chifu, afisa kijana alitusomea tangazo kwamba kisitu cha miti mikongwe kilicho nyuma ya nyumba zetu kingefyekwa kiwe mashamba ya mahindi. Kwa mujibu wa rejista, alisema, msitu uliohifadhiwa uko ng'ambo ya Mto Tana, na kisitu hiki kiko huku kwetu. Nilisimama nikamkanusha: kisitu hiki ndicho kilichohifadhiwa. Nilikuwa karani wa misitu kule Garsen hadi nilipostaafu, na rejista hiyo niliiandika kwa mkono wangu. Akinamama wawili walipotaka kusema, niliwaomba wanyamaze, kwa kuwa jambo lilikuwa la kumbukumbu za ofisi. Kauli ya mwisho iliahirishwa hadi Ijumaa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliingia kisituni. Baridi ya kipupwe ilinipenya mabegani na ukungu ulikuwa haujainuka. Nilikusudia kupima unene wa miti, nioneshe ukongwe wake, ili kuthibitisha kuwa afisa amechanganya msitu huu na mwingine. Nilipima mkuyu wa kwanza, nikasahau kipimo kabla ya kukiandika, nikaupima tena. Mbega wekundu walinitazama kutoka juu. Sikuweza kutulia; kila nilipoinama kuandika, nilijikuta nikimjibu yule kijana kwa sauti.

Saa mbili nilimkuta Mama Buya, mjane wa jirani yangu, akikata majani ya mkindu ya kusukia mikeka. Juu yake ilining'inia mizinga sita ya nyuki aliyoachiwa na marehemu. Alikuwa mmoja wa wale niliowanyamazisha.

"Karani," alisema bila kugeuka, "leo tunaruhusiwa kusema, au bado ni mambo ya ofisi?"

Nilimwomba radhi, nikamuuliza mizinga itakwenda wapi miti ikianguka.

"Itakwenda jikoni, iwe kuni. Na mimi nitakwenda kwa mwanangu kule Madogo, nikalelewe kama mtoto." Alifunga mzigo wake. "Lakini wewe unapima nini? Mti haukukosea. Fuata malka hii mpaka mwisho, ndipo uniambie."

Malka ni njia ya mifugo kuteremkia mtoni, nasi wakulima hatuilimi hata njaa ikitukaza. Hiyo ilipita katikati ya miti, imechimbwa na kwato hadi kufika magotini mwangu. Niliifuata kwa mwendo wa robo saa. Iliishia kwenye ukingo mrefu, na chini ya ukingo hapakuwa na maji. Palikuwa na bonde pana la majani, na ng'ombe wakila.

Mchungaji wa Kiorma, Barisa, alikuwa ameegemea fimbo yake.

"Mzee, umepotea?"

"Natafuta mto."

Alicheka. "Mto iko kule nyuma, umetoka huko. Hapa ilikuwa zamani. Ng'ombe ya baba yangu ilikunywa hapa. Mafuriko ikakuja, mto ikahama. Sisi tunapita hii malka bado, lakini kula majani tu."

Niliketi ukingoni. Miti niliyoipima ilikuwa nyuma yangu, upande huu wa bonde, na mto ulio hai ulikuwa nyuma ya miti hiyo. Hapo nikaikumbuka ripoti ya mlinzi wa msitu, ile niliyoiandikia rejista. Aliandika hatua alizohesabu kutoka malka, mti kwa mti, ukurasa mzima. Mimi, mezani Garsen, niliona ni maneno mengi. Niliyafuta yote, nikaandika kwa hati safi: ng'ambo ya mto. Sikuwahi kuja kutazama, na mto ulipohama, maneno hayo yakawa yanaonyesha msitu mwingine.

Saa sita nilianza kurudi. Mama Buya alikuwa bado pale.

"Umeuona?"

"Nimeuona. Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulisimama kukwambia," alisema. "Ukatukalisha."

Nilimbebea nusu ya majani hayo hadi nyumbani kwake, akinikosoa ninavyoyashika.

Jioni niliigeuza barua ya malalamiko, nikaandika nyuma yake maelezo ya kosa langu, nikatia saini na cheo changu cha zamani. Ijumaa niliyasoma mbele ya watu wote. Afisa aliuliza kama kuna ushahidi zaidi ya maneno ya mstaafu. Nilimjibu kwamba upo, lakini si wangu kuutoa. Nikamgeukia Mama Buya na kumwomba asimame. Alieleza malka, mafuriko na ukingo, pole pole, na safari hii mimi ndiye niliyeandika.

Afisa aliahirisha ufyekaji hadi atakapokuja kuutembea ukingo huo mwenyewe. Bado hajaja. Kila asubuhi ninakwenda hadi mwisho wa malka, nikihesabu hatua kwa sauti na kuzitia daftarini zote, bila kufupisha.