Dawa Isiyojua Mrenda

Tangu mumewe afe, Muhonja amelilima shamba lile la Shinyalu peke yake. Hati ina jina la shemeji yake, Patroba, anayefanya kazi mjini na kuja Jumamosi kwa bodaboda.

Katika kila shimo Muhonja hutia punje mbili za mahindi na moja ya haragwe. Akipalilia, jembe lake huukwepa mrenda ulioota wenyewe. Wengine huliona shamba chafu. Yeye huona mboga ya watoto.

Mwezi wa tano watu wa mradi wa kilimo waliita mkutano kanisani. Cherono, binti mpole wa mradi, akasema fungu la pesa linatosha kitu kimoja: kijembe cha kusukuma chenye gurudumu, au dawa ya magugu.

"Mwenye hati ya shamba ainue mkono. Kila hati mkono mmoja."

Wanawake wakabaki na mikono mapajani.

"Dawa," Patroba akasema, mkono juu. "Vibarua wa palizi siku hizi unawatafutanga mpaka uchoke."

"Na wewe shemeji, jembe ulishika lini mara ya mwisho?" Muhonja akamuuliza. Watu wakacheka. Akamgeukia Cherono. "Hiyo dawa inajua mrenda?"

"Inajua mahindi tu, mama. Majani mapana yote inaua, hata maharagwe." Cherono akaitazama karatasi yake. "Kwa hii fomu hakuna mahali pa mboga. Wanauliza magunia ya mahindi peke yake."

Dawa ikapata mikono thelathini na mmoja. Kijembe, minne.

Njiani Muhonja akamwambia Patroba, "Niachie hata mistari minne ya huko chini."

"Upepo utaipeleka dawa huko tu, shemeji. Mahindi yakijaa, utanunua mboga sokoni."

"Mahindi ni mwezi wa nane. Hapo katikati tutakulanga ugali, obusuma yetu, na nini?"

Patroba akasimamisha bodaboda. Si mtu mbaya. Karo ya Navalayo, binti wa Muhonja, hulipa yeye. Kwa hiyo Muhonja hakubishana naye tena.

Wapuliziaji walikuwa waje Jumatatu. Jumapili hakwenda kanisani. Aliingia shambani na Navalayo, wakachuma mrenda mpaka kikapu kikajaa, wakaumwaga juu ya gunia ukauke, wakarudi tena. Maharagwe yalikuwa bado maua matupu. Haragwe lililotoa maua halihamishwi, hilo hata mtoto anajua. Muhonja akapiga magoti, akachimbua mche mmoja na udongo wake, akaubeba kwa mikono miwili kuelekea nyuma ya jikoni.