Mdogo wangu alianzia sehemu ya nne

Chuoni kwetu Butembo, wakati wa vita, riwaya haikuwa kitabu kimoja. Moja ikitufikia, mara nyingi ndani ya robota la nguo za mitumba, tulikata uzi wake tukaigawa sehemu nne ili watu wanne wasome kwa pamoja, kwa sababu hakuna aliyejua kama wiki ijayo masomo yangekuwapo. Kila sehemu ilifungwa kwa karatasi ya kaki, na aliyemaliza aliandika maoni yake kwa penseli nyuma. Ulisoma sehemu iliyokufikia. Wengine walimwona shujaa akitubu kabla hawajamwona akikosa.

Ninayoikumbuka zaidi ilikuwa ya Kifaransa, ya mapenzi ya chuo kikuu, jalada limeshapotea. Kijana ana pikipiki na kovu kwenye nyusi. Anapiga watu, anafukuzwa darasani, anaiba gari la mkuu wa chuo na kumpeleka msichana ziwani. Msichana ana akili nyingi, ila kuanzia ukurasa wa thelathini kazi yake ni kungoja huyo mtu alainike. Niliandika maoni marefu. Niliuliza kwa nini mkorofi anapewa kurasa mia tatu na mtu mpole mstari mmoja. Niliuliza ni nani aliyefuta damu ukumbini. Niliuliza hicho ni chuo gani ambacho mwalimu hakosi hata siku moja. Nilijiona mchambuzi.

Likizo moja nilisahau sehemu ya nne nyumbani kwa mama, mtaa wa Mulekera, huko Beni. Mdogo wangu, msichana aliyekuwa anamaliza sekondari, aliisoma. Kisha akatuma neno kupitia dereva wa lori: nimpelekee zile tatu za mwanzo. Nikampelekea, nikifurahi kwamba anasoma.

Niliporudi likizo iliyofuata, mama aliniambia kabla sijatua mfuko: kuna afande. Alikuwa kijana, mkubwa wa kizuizi cha waasi barabarani, mwenye miwani myeusi hata mvua ikinyesha, na pikipiki ambayo sote tulijua zamani ilikuwa ya nani. Kikosi chake kilikuwa karibu kuhamishwa, naye alitaka kuondoka na mdogo wangu. Na mdogo wangu alitaka kwenda.

Nilimfuata nyuma ya nyumba, alikokuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Yaya, weye unamuona tu kwa inje," alisema, akiniita yaya kama kila mdogo wa kwetu anavyomwita mkubwa wake.

"Na kwa ndani iko nini?"

"Anateseka. Baba yake alikufa akiwa mutoto. Ni kwa ile anakuwaka mukali."

"Ile iko mu sehemu ya pili," nikasema. "Ukurasa wa themanini."

Alicheka bila kuacha kutwanga. "Basi unajua mwisho wake."

"Mwisho wa nani?"

"Umeanza kugombana kama profesa."

Ndipo nilipoelewa. Alikuwa ameanza na mwisho, na yule kijana wa kitabuni anayepiga magoti mvuani kuomba msamaha siku ya diploma. Kila ngumi aliyoisoma baadaye ilikuwa imeshasamehewa. Sasa alikuwa anamsoma afande kwa njia ileile, kama mtu aliye bado sehemu ya kwanza. Nilibishana naye siku tatu. Nilimwambia kwamba mwisho wa huyu hakuna aliyeuandika. Kila hoja yangu ilimfanya awe msichana wa kitabuni zaidi, anayekatazwa na ndugu wasioelewa.

Mama, mwimbaji wa kwaya, hakubishana. Alituma neno kwa afande aje kuposa kwa desturi: "Akuye sawa vile batu banakuyaka. Mwanaume hapana kujisemea. Atume baba yake mudogo, atume hata jirani."

Alikuja Jumapili, baada ya ibada. Ukoo wake ulikuwa askari wawili. Bunduki ziliegemezwa ukutani kando ya ufagio. Mmoja wao alivuta mbuzi wa kahawia mwenye sikio lililokatwa ncha.

Mbuzi huyo tulimjua wote. Alikuwa wa mjane wa nyuma yetu. Sikio alilikata mwenyewe liwe alama. Mjane alipougua, mdogo wangu ndiye aliyemchunga mbuzi. Na sasa mbuzi alikuwa anakaza kamba kuelekea penye tundu la ua, kwenye njia yake ya kila siku. Mama alitazama chini. Mimi, niliyejaza kurasa mbili za maswali kwa penseli, sikuwa na hata moja. Nilikuwa natazama ufagio.

Mdogo wangu alimmiminia afande maji ya kunawa. Alipomaliza akauliza, kwa upole kabisa: "Afande, hii mbuzi ulitoa wapi?"

"Sheri yangu, mbuzi ni mbuzi. Kwa ajili yako naleta hata ngombe."

"Nauliza ni ya nani."

"Bokilo ameanza ankete," alisema askari mmoja, yaani shemeji ameanza upelelezi, na wote watatu wakacheka.

Yeye hakucheka. "Inajua njia ya kwabo," alisema. "Muiachie tu."

Mama akasogeza sahani ya bugali. "Baba, mukule kwanza. Kisha utaenda kuleta muzee wako, tutasikilizana na yeye."

Walikula. Miwani hakuivua. Walipoondoka, mdogo wangu alifungua kamba, na mbuzi akapita tunduni bila kusukumwa. Mzee hakuletwa. Kabla ya Jumapili nyingine kikosi kilikuwa kimeondoka, ila kwa majuma mengi kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba ilitusimamisha sote.

Nilipokuwa narudi Butembo mdogo wangu alinipa sehemu ya nne. Niliifungua juu ya lori, nimekaa kwenye magunia ya mihogo. Chini ya maoni ya wengine wote aliandika: "Gari la mkuu wa chuo halikurudishwa. Nimetafuta katika sehemu zote nne."

Mimi nilikuwa nimelihesabu gari hilo kama kichekesho.

Njia ilikuwa ndefu, vizuizi vingi, nikaisoma sura ya mwisho tena. Yule kijana alipopiga magoti mvuani, moyo wangu ulilainika palepale ulipolainika mara ya kwanza. Hilo sikuliandika nyuma ya karatasi, wala mara ile, wala hii. Nilikuwa nimechoka, na penseli ilibaki Mulekera.