Sindano Moja kwa Wiki Nzima

Mpaka leo nikisikia mtu akijisifu kwamba nyumba yake haifungi mlango kwa mgeni, damu hunichemka. Yetu haikufungwa wiki nzima, na najua nilichopoteza.

Tulikaa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Eldoret. Mume wangu alikuwa karani wa mizigo stesheni. Mwenzake mmoja alikwenda likizo, akatuachia gramafoni yake mpaka Jumapili. Santuri tulikuwa nazo nne. Moja ya kwaya ya kanisa, walioimba polepole hata ungedhani wamebeba magunia ya mahindi. Moja ya taarabu, ambayo mume wangu alijifanya anaielewa. Moja ya dansi ya Wazungu, iliyotupwa na mama mmoja wa Kizungu mwenye shamba kule Cheptiret kwa sababu ilikuwa na ufa. Ikifika hapo hurudia neno lile lile, kama mlevi anayedai kiti.

Ya nne ilikuwa ya kaka yangu.

Kaka alikuwa kibarua kwa Mzungu mmoja huko Ainabkoi. Watu wa kunasa sauti kwenye santuri walipopita mjini na mashine yao, alikwenda na gita lake akaimba wimbo wa kumsalimu mama yetu, aliyebaki nyumbani magharibi. Baadaye nimonia ikamuua. Yule Mzungu akaamuru azikwe siku hiyo hiyo pembeni mwa shamba ili watu warudi kazini. Mama hakumwona, wala hakutupa udongo kaburini. Basi gramafoni ilipoingia kwetu Jumatatu, nilimtumia mama ujumbe kwa mtu wa treni: aje Jumamosi amsikie mtoto wake.

Jioni hiyo nilipiga santuri ya kaka mara moja tu. Katikati ya wimbo alikohoa kidogo, akaendelea kuimba kana kwamba hakuna aliyesikia. Nililia, nikaifunga kwa kitambaa.

Kesho yake majirani wakaja. "Karibuni, karibuni!" mume wangu akasema, na mimi nikatiwa jikoni kupika chai. Kwaya hawakuitaka. Taarabu iliwachosha. Walimtaka kaka, na si wimbo wote, bali kiitikio tu. "Rudisha hapo!" walipiga kelele, na mume wangu anarudisha, mabega juu, utadhani ameimba yeye.

Sasa, sindano ya gramafoni hupigwa mara moja au mbili ikatupwa. Hata mtoto alijua hivyo. Jumatano sindano zikaisha, na dukani hazikuwapo. Mwanamume mwenye akili angewaambia wageni warudi siku nyingine. Wangu aliona haya, akachukua sindano iliyokwisha, akainoa kwenye jiwe la mlangoni tunaponolea panga.

"Baba watoto, utaharibu hiyo kitu," nikamwambia.

"Shoka inanolewa, panga inanolewa, sindano ni nani?"

Wageni wakacheka sana. Alhamisi nikakuta unga mweusi uliokwanguliwa na ile sindano juu ya santuri ya kaka, nikaupangusa kwa upindo wa leso, na nilijua vizuri ninapangusa nini. Nikaificha ndani ya debe la unga wa ugali. Ijumaa mume wangu akaifukua.

"Unataka niaibike mbele ya mwalimu wa kanisa? Wacha uchoyo, mama watoto."

Uchoyo! Kwa kaka yangu mwenyewe!

Mama alifika Jumamosi. Kwetu mama mkwe hakanyagi hovyo nyumba ya mkwe wake, wala hasemi naye uso kwa uso. Wakikutana njiani kila mmoja hugeuka. Mama hakuwahi kuja kwangu hata nilipojifungua. Siku hiyo alikuja. Mume wangu akabaki nje ya mlango, kama inavyotakiwa. Mama akanawa uso, akafunga kitambaa kipya kichwani, akakataa kiti, akakaa sakafuni karibu na gramafoni.

Nikaweka santuri. Gita lilisikika kwa mbali. Kisha ukaja mchakacho kama wa mvua juu ya mabati, ukakaa, haukuondoka. Nilingoja kikohozi. Nacho hakikuja.

"Ni yeye?" mama akauliza.

"Ni yeye, mama."

Alisogeza sikio mpaka likakaribia kugusa mashine. Akangoja hivyo mpaka santuri ikaisha.

Mume wangu akasema kutoka nje, "Mwambie mama imechoka kidogo tu. Juzi ilikuwa inaimba vizuri sana. Watu wote wa landi walifurahi."

Mama akainuka. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama mbele ya mkwe wake na kumtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kuona mwanamke wa kwetu akilifanya.

"Watu wote wa landi wamemsikia mtoto wangu," akamwambia. "Mimi mmeniachia mvua."