Mkude wa Ngiri na Mkude wa Mguu

Ndugu zangu, mimi Mkude, enzi za Mjerumani nilikuwa kijana wa kushusha mikungu ya ndizi kutoka milimani mpaka sokoni Morogoro bila kutua. Siku moja nikanyanyua mzigo, kinenani kukatokea uvimbe kama kiazi. Nikausukuma ndani kwa kidole, safari ikaendelea. Ikawa ndiyo dawa yangu.

Asubuhi moja uvimbe ukakataa kurudi ndani. Tumbo likajaa, nikatapika mpaka nyongo. Choo sipati, hata upepo hautoki. Kaka zangu wakanibeba kwa machela hadi hospitali ya mjini, mke wangu Anjelina nyuma akilia, "Mume wangu, usinifie njiani, ngoja tufike!"

Daktari Mjerumani akanibonyeza, akasema ngiri imejinyonga, utumbo umebanwa, nipasuliwe leo leo. Siku hiyo alikuwapo Mkude mwingine, wa kukatwa mguu uliooza.

Sasa, daktari na Sista aliyemsaidia walikuwa hawasemezani, kisa mbuzi wa Sista alikula bendeji. Wamesimama meza moja, lakini kila neno lilipitia kwa Salum, msaidizi wao kutoka pwani.

"Salum, mwambie Sista alete maji."

"Salum, mwambie daktari maji yako mbele yake."

Daktari aliagiza aletwe Mkude tu, akikusudia wa mguu. Salum akaniweka mezani mimi. Daktari ananawa, ametupa mgongo. Sista akaanza kunisugua mguu kwa sabuni. Nikadhani Wazungu wanapenda usafi. Kisha nikaona msumeno.

"Mguu mzima huo! Ni tumbo!" nikapiga kelele.

"Wote husema hivyo," Salum akanituliza, kitambaa cha dawa ya usingizi mkononi.

Sista akafunua shuka, akauona uvimbe. "Salum, mwambie daktari..." Akavuta pumzi, akapaza sauti mwenyewe: "Daktari! Huyu si wa mguu!"

Daktari akageuka, uso mweupe kama shuka. Akaamuru kila mmoja aseme kwa sauti: huyu nani, anaumwa nini, tunapasua wapi. Wakasema wote watatu, kisha wakanitazama.

"Mkude," nikasema. "Ngiri. Hapa kulia. Miguu yote miwili ibaki."

Ndipo nikakubali kulala.

Nilipozinduka, kidonda kiliwaka moto. Nikikohoa, nalia. Kila asubuhi walikuja na swali moja, wajue kama utumbo umefunguka: "Upepo umetoka?" Nikitikisa kichwa, nyuso zinawashuka. Anjelina akashika rozari.

Hatimaye, Sista akiwa ameinamia kidonda, ukatoka, mrefu kama baragumu. Nilitamani ardhi inimeze. Sista akapiga makofi!

"Daktari! Mkude kajamba!"

Daktari akaja mbio, mikono ina povu, akampa Sista mkono. Anjelina akapiga vigelegele wodi nzima ikajua.

Namshukuru Mungu, na hao watatu. Mkude mwenzangu naye alipona. Wewe ukiona uvimbe kinenani, usiusukume kwa kidole, nenda mapema. Ukifika mezani, taja jina lako, ugonjwa wako na upande wake. Na ukiona wanaokupasua hawasemezani, kataa kulala mpaka wapatane.