Beji Tatu za Mzee Aliyesoma Bulgaria

Jana nilipokea bahasha kutoka Bulgaria, nikaifungua hapa mezani kwangu mtaa wa Dallas, mjini Embu, kwa kisu cha mboga. Ndani mlikuwa na beji ya kuhitimu shule ya kijeshi, ya enzi za Wakomunisti: umbo la almasi, rangi nyeupe, nyota nyekundu juu. Mume wangu akachungulia. "Mama watoto, nyingine tena? Utatuanzishia vita!" Ninazo nyingi hivi kwamba nikizivaa zote kwa pamoja siwezi kuinuka kitini. Nilicheka naye, lakini wewe rafiki yangu nitakuambia ukweli: tatu za kwanza nilizipoteza mimi mwenyewe.

Nililelewa na nyanya huko Githongo, wakati mibuni ilikuwa imesongamana hata ukitupa jiwe halifiki chini. Jirani yetu, mzee mmoja mpole, alisomea uafisa Bulgaria katika ujana wake, pamoja na wenzake wawili, mmoja wa upande wa ziwa na mwingine wa Pwani. Waliporudi serikali iliwashuku kuwa Wakomunisti, na hakuna aliyewapa bunduki wala kofia. Wale wawili walikufa mapema wakamwachia beji zao azitunze. Yeye akachuma kahawa.

Jumamosi, tukishapeleka kahawa kiwandani, nilikuwa nakimbilia kwake vidole vikinata utamu wa buni mbivu. Mkewe alinipa uji wa wimbi mzito wa kusimamisha kijiko, naye mzee akanitolea beji nizisugue kwa kitambaa na jivu laini.

"Afande, ripoti!" aliniamuru.

"Beji tatu, zote salama, afande!"

Tulicheka mpaka kuku wakahama boma. Mwishowe akaniachia nikae nazo kwetu, akisema macho yake hayaoni tena vumbi.

Kisha ukaja mkutano wa injili, wiki nzima, vipaza sauti vya kuamsha mlima. Mhubiri akasema majumbani mwetu mna vitu vya giza: hirizi, pete, alama za nyota zenye maandishi yasiyosomeka. Watu wakaanza kuvileta mbele, na kila aliyeleta akapigiwa makofi na vigelegele. Mimi sikulazimishwa na mtu. Niliyataka yale makofi. Nikakimbia nyumbani, nikarudi na beji zote tatu. Nyanya alilia kwa furaha, akazichukua kwa mkono wake na kuzitumbukiza kwenye choo cha shimo nyuma ya kanisa, watu wakiimba.

Nikiwa njiani kurudi nikapitia kwa mzee, nikamwambia.

"Zote tatu?"

"Zote, babu."

Akaniuliza kama nimekula. Hakwenda kumgombeza nyanya. Nyanya naye, alipojua zilikuwa za nini, alianza kumpelekea ndizi kila wiki, mpaka nyanya mwenyewe akafa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima aliyemaliza masomo ya jioni kwa mbwembwe nyingi, nilienda kumsalimia mzee. Akili ilikuwa imeanza kumtoroka. Akanishika mkono.

"Si wewe ndiye ulikuwa ukizisugua? Zile za wenzangu, nyuma nilikwaruza majina yao kwa msumari. Walikuwa wakiitwa nani?"

Miaka yote ile nilikuwa nikisugua upande wa nyota tu.

"Sijui, babu."

"Hata mimi," akasema. "Niliwaandika ili nisisahau."

Leo mzee hayupo, mkewe hayupo, na mibuni imeng'olewa, pakapandwa avokado. Hao wote naweza kukusimulia mpaka chai yetu ipoe. Lakini wale vijana wawili waliosimama kwenye theluji wakabandikwa nyota kifuani, nikitaka kuwaombea sina jina la kuwaita.