Suruali zangu kwenye kamba ya Mama Mwajuma, Kampala enzi za magendo

Wakuu, shikamooni wakubwa, marahaba wadogo.

Nimesoma uzi humu watu wanabishana kuhusu washing machine na dry cleaner, ipi inaharibu suruali za kitambaa. Nikaona na mimi mzee niweke yangu. Ninayosimulia yalinitokea mwenyewe. Pale nisipokuwa na uhakika, nitasema sina uhakika.

Ni Kampala, miaka ya sabini, wanajeshi ndio serikali. Nilikuwa nimemaliza digrii, nafundisha sekondari, na kila kitu nilikuwa nabisha. Ukiniambia mvua itanyesha, nakuuliza umejuaje. Marafiki walinichoka.

Nilipanga chumba Old Kampala kwa mjane mmoja, Mama Mwajuma. Waswahili wa ukoo wa zamani, babu zao walikuja na biashara kutoka pwani wakabaki. Ndani alikuwa yeye na binti zake wawili waliokwisha kuwa wakubwa, Mwajuma na Zaina. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, wakinitania kwa jina la Profesa. Kiswahili nilikipata kwa baba, alikuwa mtu wa reli pale Port Bell, kwa hiyo tulielewana haraka.

Sasa nguo.

Wahindi walishafukuzwa na maduka yao yamegawiwa. Kila mtu alisimulia kwamba kuna mwanajeshi aliyepewa duka akawa anauza mashati kwa namba ya kola. Kola kumi na tano, shilingi kumi na tano. Nilimtafuta aliyeshuhudia, sikumpata hata mmoja. Lakini kwamba mashati yaliisha na hayakurudi, hilo nililiona.

Sabuni ilikuwa ya magendo, kwa hiyo tulifulia majani ya mpapai. Yanatoa povu kidogo, ila shati jeupe linabaki na ukijani.

Ushauri wa bure: shati usilikamue. Lianike linachuruzika, uzito wa maji utalinyoosha. Suruali ilaze chini ya godoro, mstari juu ya mstari, halafu ulale chali usijigeuze kama chapati.

Fahari yangu ilikuwa bugaluu moja ya kahawia, ile suruali yenye miguu mipana chini, binamu aliniletea kutoka Nairobi. Nikiivaa, wanafunzi wanasahau somo.

Basi siku moja Mama Mwajuma akaja mlangoni.

"Profesa, naomba suruali zako."

"Za nini, mama?"

"Nizianike mbele, barazani."

"Lakini ni kavu, mama. Na ni safi."

"Nitazilowesha."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Akaniambia nyumba ya wanawake watupu inajulikana kwa kamba yake. Gauni, kanga, gauni, kanga. Anayepita anasoma. Wiki ile, mtaa wa chini, nyumba ya mama na binti yake iliingiliwa na wanajeshi mchana kweupe. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Nikabisha, kama kawaida yangu. "Tangu lini mwanajeshi akaogopa suruali? Na hawa si ndio wanaowasaka wanaume? Mama, unawabandikia tangazo."

Zaina akadakia, "Kaka, wewe mwanaume umejifungia na vitabu. Mpita njia atajuaje kama upo? Atasikia harufu?"

Wakaangua kicheko. Nikatoa suruali.

Kuanzia hapo kila asubuhi nguo zangu zikawa zinaloweshwa na kuanikwa. Mama alikuwa na utaratibu wake. Leo mashati, kesho suruali, keshokutwa vesti. "Mwanaume hafui suruali kila siku," alisema, "watatushtukia."

Kisha wakati wa likizo, mchana, mwanajeshi akaja. Mmoja, kijana, ana bunduki. Nikamsikia barazani.

"Mama, hii suruali iko ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Na huyo mwana yako iko wapi?"

Wakuu, nilikuwa nimetabiri jambo hilo hilo. Sikupata raha yoyote kuona nimepatia. Nikijificha, ataingia kunitafuta, na wasichana wako ndani. Nikatoka na kikoi na vesti.

Akanitazama, akaitazama bugaluu.

"Nunua wapi?"

"Nairobi."

Neno lilipotoka ndipo nikakumbuka kwamba siku zile Nairobi si jibu la kumpa mwanajeshi. Wakenya na serikali yetu walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Akakunja uso.

Mama Mwajuma hakungoja. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni, maana alishona kwa cherehani ya mkono.

"Umeipenda, mwanangu? Itaburuta chini hiyo, utafagia nayo barabara. Hebu simama hapa nikupime."

Bunduki ikaegemezwa kwenye nguzo. Akasimama, mikono kaiachia pembeni, kama mtoto anayepimwa nguo ya sikukuu.

Bugaluu yangu ikaenda hivyo. Akaja kuichukua imepunguzwa, akafurahi sana, na akaacha gwanda lake la jeshi limepasuka kwapani, lishonwe na kufuliwa.

Hapo sasa ndipo tulipogombana.

Nilisema, "Mama, Mungu akupe nini tena? Lianike hili mbele. Gwanda moja linashinda suruali zangu zote. Nani ataigusa nyumba hii?"

Mwajuma, ambaye hakuwa msemaji, akasema, "Profesa kasema kweli, mama."

Mama akalishika lile gwanda, linachuruzika maji, akaitazama kamba. Nilidhani nimeshinda.

"Ni kweli, haitaguswa," akasema. "Lakini yule mwenzangu wa mtaa wa chini anapita hapa kila asubuhi kwenda sokoni. Akiliona hili kwenye kamba yangu, atanisalimia?"

"Mama, tunazungumzia mabinti zako, wewe unazungumzia salamu!"

"Hawa wataolewa wahame, Profesa. Mimi na yule tutazeeka mtaa mmoja."

Akaingia nalo jikoni, akalitundika juu ya sigiri ya makaa. Barazani akaziacha nguo zangu kama jana.

Yule kijana aliporudi kulichukua akalinusa. "Mama, mbona hii nanuka moshi?"

"Sabuni hakuna, mwanangu. Moshi unaua chawa."

Akacheka, akavaa, akaondoka. Alikuja mara chache tena na nguo za wenzake. Zote zilikaukia jikoni. Baadaye hakuonekana tena.

Asubuhi baada ya ule ugomvi nilikaa dirishani makusudi. Yule mama wa mtaa wa chini akapita na kikapu. Alikuwa amejifunika hadi puani. Akapunguza mwendo, akaitazama kamba yetu, kisha akasema, "Mmeamkaje hapo?"

Mama Mwajuma akatoka hadi barabarani kumjibu. Walisimama muda mrefu. Sikusikia walichosema.

Nyumba ile haikuingiliwa hata mara moja hadi nilipohama. Ni suruali zangu? Ni yule kijana aliwaambia wenzake? Ni bahati tu? Sijui, na anayesema anajua nitamuuliza amejuaje.

Nilichojifunza ni kwamba nguo unayoianika inasomwa na watu wengi. Mimi na digrii yangu niliwahesabu wale wenye bunduki tu.

Lakini sijashawishika kabisa, wakuu, na sitawadanganya. Nina mabinti sasa. Mwanamke yule aliweka usalama wa wanawe upande mmoja na uso wa jirani yake upande wa pili, akachagua, na mimi usiku ule sikulala.

Ungekuwa wewe, una mabinti wawili ndani na gwanda bichi mkononi, ungelianika wapi? Semeni, ila mseme na sababu.