Aliyenishikia Ekzosi

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana wa jua kali, mahali pangu pa kazi, nikiwa siumwi wala sijafunga. Watu wanadhani wale wasio wa kawaida huja usiku tu. Huyu wangu alikuja Ijumaa mchana, wakati wanaume wote wa mtaa wetu wa Ujiji wako msikitini.

Mimi ni fundi wa magari. Ndiyo, mwanamke. Marehemu baba aliniachia gereji uani kwake, karibu kabisa na wanapoanika dagaa, akaniachia spana zake na maneno ya watu. Kila nikiingia chini ya gari anatokea mwanamume wa kunifundisha kazi. Muuza kahawa ananifundisha, anayepita na baiskeli ananifundisha. Nimewazoea, na dawa yao ni kuwanyamazia. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Ilikuwa miaka ile Warundi walipokuwa wakikimbilia huku kwa njia ya ziwa. Mitumbwi ilikuja imejaa kupita kiasi, na mingine haikufika. Sisi tunaoishi ufukweni tuliijua ile isiyofika kwa vitu vilivyoelea: ndala, madumu, kitenge. Tuliviokota kimya kimya, hatukupenda kuvizungumzia.

Sasa, palikuwa na mwalimu wa hesabu, mtu wa Mbeya aliyeletwa Kigoma kikazi. Nyumbani kwake alikuwa akimlea mtoto wa Kirundi aitwaye Keza, msichana wa miaka mitano hivi. Wavuvi wa Kibirizi walimwokoa majini akiwa peke yake, akakabidhiwa kwa mwalimu huku ndugu zake wakitafutwa. Wiki ile ikaja habari kwamba mama yake yu hai, alivuka na mtumbwi mwingine, yuko kambini huko Kasulu. Lakini alikuwa hali chakula, hasemi, amewageuzia watu mgongo kitandani. Manesi walisema kama mtoto yupo aletwe upesi, la sivyo watamkuta mama ameshakwenda. Mwalimu akapewa kibali cha kumpeleka mwenyewe, Jumamosi, kwa gari lake.

Gari lake sasa! Dogo, kuukuu, linatoa moshi mweusi nyuma, ndani linanuka petroli hadi macho yanawasha, na kwenye mlima linazimika. Nilishamwambia kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Hiki ni kidude kama plagi, chenye waya, kinafungwa kwenye bomba la ekzosi. Kazi yake ni kunusa moshi na kuiarifu injini kama petroli imezidi au imepungua. Kikichakaa, injini haijui lolote, inamimina tu. Kwa hali ile Kasulu wasingefika. Mwalimu aliagiza sensa mpya Dar es Salaam, ikaja kwa treni, na Ijumaa asubuhi akaniletea pamoja na gari.

"Mama fundi, nakutegemea," akaniambia. "Kesho alfajiri tunaondoka."

Kufunga mpya si kazi. Kazi ni kuitoa ya zamani. Imekaa kwenye joto miaka mingi, kutu imeishika, na ukiilazimisha ikiwa baridi unaharibu bomba, na bomba la kubadilisha sikuwa nalo. Baba alinifundisha kuwasha injini kwanza, bomba lipate moto, chuma kitanuke, kisha uzime na uingie chini upesi na spana kabla halijapoa. Nikafanya hivyo. Shida ni kwamba raba zinazolining'iniza bomba zilikuwa zimekatika, kwa hiyo kila nikivuta spana bomba zima linanifuata. Palitakiwa mtu wa kulishika kwa nondo, na mtu hakuna. Nikawasha, nikazima, nikaingia, nikavuta, nikarudia tena na tena. Nilitukana maneno ambayo hayatamkwi siku ya Ijumaa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Akilini nilimwona yule mtoto amekaa mlangoni na kifurushi chake na gari halitoki.

Ndipo nikaona miguu.

Ilikuwa peku, upande wa pili wa gari. Ngozi ya vidole ilikuwa nyeupe, imekunjamana, kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Suruali ilichuruzika maji. Nikajisemea, huyu katoka kuoga ziwani na sasa anakuja kunifundisha kazi. Kwetu mtu akifika mnasalimiana kwanza. Unamuuliza wa wapi, mtoto wa nani, nyumbani hawajambo, hata kama una haraka ya namna gani. Mimi siku ile sikumsalimia. Nilimnyamazia kama ninavyowanyamazia wote.

"Reka ngufashe," akasema. Hicho ni Kirundi, anasema acha nikusaidie. Sisi Waha, ambao lugha yetu inakaribiana nacho, hatuhitaji mkalimani hapo. Kabla sijajibu alikuwa ameshalala chini upande wake, akanyoosha mkono, akalikamata bomba kwa kiganja kitupu.

"Wewe!" nikapiga kelele. "Utaungua!"

Bomba likalia chwaaa, kama sufuria kavu ukiitia maji. Mvuke ukapanda katikati yetu. Niaminini, nilingoja harufu ya nyama inayoungua. Haikuja. Ilikuja harufu ya ziwa, ya majani ya majini na shombo, na ule mkono haukutikisika hata kidogo. Uso sikuuona kwa sababu ya mvuke. Niliona kidevu tu, kinadondosha maji.

"Vuta, mama," akasema taratibu. "Spana namba ngapi hiyo?"

"Ishirini na mbili."

Mtu wa namna ile yuko mbele yangu, nami namtajia namba ya spana! Ningefanya nini? Kichwa kilikuwa kimekataa kufikiri, mikono ikaendelea na kazi yenyewe. Nikavuta. Bomba halikunifuata safari hii. Sensa ikatoa mlio, ikaachia, ikazunguka. Yeye ndiye aliyeidaka ilipoanguka, akanipa mkononi. Kitu kilichotoka kwenye moto wakati uleule kilikuwa cha baridi, baridi ya kokoto la chini ya maji.

Nikafunga mpya naye bado ameshika. Nilipokaza mara ya mwisho akauliza, "Litafika Kasulu?"

"Litafika."

"Mtoto atakaa mbele ama nyuma?"

"Nyuma," nikasema, maana watoto hukaa nyuma.

"Hapana, mama. Akae mbele, dirisha liwe wazi. Nyuma anatapika."

Akaliachia bomba. Nikaiona miguu ikisimama, ikaenda polepole kuelekea kwenye dagaa. Nilipojikokota kutoka chini ya gari, mchanga ulikuwa na alama za nyayo zilizolowa hadi kwenye maji, na mbele ya hapo hapakuwa na mtu wala mtumbwi. Nikakaa chini mpaka watu waliporudi kutoka msikitini wakanipa chai. Nikiwa nimeshika kikombe ndipo nilipojiuliza, nani alimwambia huyu habari za mtoto?

Alfajiri mwalimu akaja na Keza. Injini ilikuwa laini, moshi hakuna, harufu hakuna. Nikamweleza yote. Yeye mtu wa hesabu, aliniangalia kama mwanafunzi aliyekosea jibu jepesi. Lakini alimkalisha mtoto mbele na dirisha akalifungua, nadhani kwa kunionea huruma tu.

Jumapili alirudi moja kwa moja gerejini, hajapita hata nyumbani kwake. Alikaa juu ya tairi. Akasema mama alimshika mtoto akamnusa kichwa, akakubali kunywa uji. Basi mwalimu, kwa kukosa la kuzungumza, akamsimulia kile kisa cha fundi na dirisha. Mama akaweka bakuli chini. Akasema waliwahi kupanda basi mara moja tu maishani, wao watatu, na Keza alimtapikia baba yake njia nzima. Toka siku hiyo mume wake alikuwa akisema, huyu akae mbele. Hakuna mtu mwingine aliyejua jambo hilo, na siku ya kuvuka ziwa yeye ndiye aliyekuwa na Keza mtumbwini.

"Mama akauliza kitu kimoja," mwalimu akaniambia. "Je, mume wangu alisema yuko wapi?"

Mtu alijilaza chini ya gari lile pamoja nami, karibu kabisa, na mimi sikumuuliza hata jina.

Miezi ikapita. Siku moja mama Keza akaja Ujiji mwenyewe, mwembamba sana, amemshika mtoto mkono. Safari hii nilisalimia mpaka mwisho. Akaniambia hawezi kukaa matanga, kwa sababu wapo wanaomwambia huenda mumewe alitokea upande wa Kongo, yu hai. Kila ikisikika habari ya watu waliofika, anasimama. Kila jioni anapakua chakula na hajui amwekee au asimwekee. Kisha akaniomba kile kitu ambacho mumewe alikishika mwisho.

Nilikuwa nacho, ile sensa ya zamani, ndani ya kopo la maziwa. Hili sikumwambia mtu: kila nilipolifungua kopo lile nilikuta maji, kiangazi na masika. Nayamwaga, yanarudi. Nikampa kopo jinsi lilivyo.

Alikiviringisha kile kidude ndani ya kitenge. Tukashuka ufukweni, nikachimba kwa koleo la gereji, yeye akakilaza taratibu, akaomba kwa Kirundi, akafukia kwa mikono yake.

"Ni data?" Keza akauliza. Data ni baba.

"Ego," mama yake akajibu. Ndiyo.

Ndipo akalia. Wanawake wa dagaa waliacha kazi wakaja wakakaa naye mchangani, na hakuna aliyeuliza anazikwa nani. Mimi nililia kuliko siku tuliyomzika baba.

Mpaka leo mchanga wa mahali pale haukauki, hata Agosti, na hakuna anayeanika dagaa hapo. Nami wateja wananilalamikia kwamba salamu zangu hazina mwisho. Walalamike tu. Ninyi mnaokaa karibu na maji haya, nawaomba sana: mtu akikujia amelowa siku ya jua, hata kama una haraka, hata kama amekuudhi, msalimie. Muulize jina lake, muulize kwao ni wapi, muulize amelala wapi. Kuna mtu mahali fulani anangoja jibu, nami mama Keza aliponiuliza nilikuwa na namba ya spana tu ya kumpa.